Kidole cha Baba na Samaki Saba

Mimi ni mwalimu wa kemia. Naliweka hilo mbele kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi: mtu mwingine angewaua samaki wale kwa kutojua, mimi niliwaua nikiwa najua.

Kiharusi kilipomshika baba, kilichukua mkono wake wa kulia na ulimi wake. Alikuwa ameyeyusha shaba kiwandani tangu ujana hadi pensheni, mtu wa mizaha, sauti yake ikisikika nyumba ya tatu. Sasa zilimbakia sauti mbili tu, "e" ya kukubali na "a-a" ya kukataa, na kidole cha mkono wa kushoto. Alikaa sebuleni kwetu, mtaa wa Bel-Air, akitazama ukuta, hata redio hakuitaka. Ndipo nikamnunulia tangi la kioo na samaki saba wadogo. Siku ile alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, na mama akaenda kulilia jikoni. Kuanzia hapo alipata kazi tena: asubuhi tunamsogeza mbele ya tangi, naye anawahesabu samaki wake kwa kidole, mmoja mmoja.

Ningeishia hapo. Lakini mimi sijui kuliacha jambo zuri likae kwa amani. Kabatini kulikuwa na jiwe la malakiti, la kijani lenye mistari, alilopewa na wenzake alipostaafu. Nililitumbukiza katikati ya tangi ili awe na kitu cha kazi yake mbele ya macho. Baba alisema "a-a", na machozi yakamtoka. Muuguzi alikuwa ametuambia kwamba mgonjwa wa kiharusi hulia ovyo, kwa furaha au bila sababu yoyote. Nikampangusa uso, huku nikijisifu kimoyomoyo.

Baada ya wiki hivi, samaki wa rangi ya chungwa alilala chini ya tangi. Mapezi aliyabana, mashavu yalienda mbio, na mwilini alikuwa na utando mweupe kama makamasi. Nikasema maji yamechafuka. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, basi nikapunguza maji ya zamani na kuongeza ya mvua, nikiamini ni safi kuliko ya bomba. Mgonjwa nilimtia katika ndoo ya maji ya bomba yaliyokwisha kukaa siku nzima, na chumvi kidogo. Siku ya tatu alikuwa mzima kabisa, anazunguka ndoo. Nikamrudisha kwenye tangi kwa shangwe, na hazikupita siku mbili akafa.

Wa pili alikwenda vivyo hivyo. Na wa tatu, na wa nne, na wa tano. Kwenye ndoo wanapona, kwenye tangi wanakufa, na mimi ninayewaambia wanafunzi kila siku walinganishe vyombo viwili kabla ya kutoa jibu, nilikuwa naisifu chumvi yangu tu.

Baba alinyoosha kidole kwenye tangi kutwa. "E, baba, minaona, iko mugonjwa," namwambia. "A-a," anajibu, na kidole kinarudi palepale. Mama alidhani anataka samaki walishwe, akawa anawamegea vipande vya bukari, ugali wetu wa kila siku. Hapo hasira yangu ikapata pa kutua.

"Mama, weye njo unawaua hawa samaki! Chakula mingi inaoza mu mayi!"

"Mimi?" akasema. "Mutoto yangu, mimi niue kitu yenye baba yako anapenda?"

Hakuwalisha tena. Hata kukaa karibu na tangi aliacha, na akipita sebuleni alitazama sakafu. Nilimwona, nikamwacha hivyo, kwa kuwa nilijiona nina haki.

Jumapili moja baada ya misa, rafiki wa baba, aliyefanya kazi naye kiwandani, alikuja kumsalimu. Walikuwa wamebaki samaki wawili. Hakuwahi hata kuketi.

"Ile libwe inafanya nini mu mayi?" akaniuliza, akiliashiria jiwe. "Ile ni shaba, binti yangu. Kule kwetu ku kazi, mu mitaro ya mayi ya shaba, hata chura haikuwa. Mukubwa hakusema?"

Kisha akakumbuka kwamba baba hawezi kusema, akajiziba mdomo.

Baba akaanza kupiga mkono wa kiti kwa kiganja cha kushoto. "E! E! E!" Hakuwa anamtazama rafiki yake. Alikuwa ananitazama mimi.

Nililitoa jiwe. Kabonati ya shaba, na maji laini ya mvua yanayoiyeyusha: nayaandika ubaoni kila mwaka. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini guu langu lilikuwa zima. Walioumia ni mama yangu na samaki wa baba. Nilipiga magoti jikoni nikamwomba msamaha. Akasema yameisha, akaendelea kuchambua mboga.

Samaki mmoja alikufa juma lile. Wa mwisho alipona, akaishi. Baba hakuishi. Kifua kilimbana kabla mvua hazijaisha, akawa mtu wa kitandani. Siku yake ya mwisho ya akili timamu alinyoosha kidole tena, kuelekea upande wa dirisha. Safari hii sikukimbilia jibu. Nilipiga magoti kando yake nikataja kila kitu kilichokuwa upande ule. Pazia? A-a. Rozari? A-a. Picha ya ndoa? Nikafungua dirisha nikataja vya nje, ukuta wa jirani, barabara, mawingu, kanisa, kiwanda. Mama naye alijaribu ya kwake. Baba alitungoja bila kukasirika, jinsi ninavyopaswa kumngoja mwanafunzi mzito. Halafu mkono ukachoka, akaushusha juu ya blanketi, akafumba macho. Mpaka leo sijui alikuwa ananionyesha nini.