Krimu ya Usiku Niliyoiandikia Lebo

Nimefundisha kemia miaka ishirini na saba, na kila kidato cha kwanza kinapoingia maabara huwa nawaambia jambo moja kabla hawajagusa hata mfereji wa maji: chupa isiyo na lebo haiguswi. Hainuswi, haionjwi, inamwagwa. Nimewahi kumtoa mwanafunzi nje kwa kosa hilo na nikalala usingizi mzuri. Halafu mimi huyu huyu, mama mzima wa miaka hamsini na tatu, nikajipaka usoni kitu nisichokijua, kila usiku, kwa miezi zaidi ya minne.

Yote yalianza na neno "nyanya", yaani bibi mzee. Watu wa kijana anayemwoa binti yangu walikuja nyumbani kwetu mtaa wa Dallas, hapa Embu, kujitambulisha kwa mara ya kwanza. Nimevaa kitenge kipya, nimesuka nikasukika. Mama mmoja wa upande wao akanishika mikono yote miwili kwa heshima, akasema, "Hujambo nyanya? Mama wa msichana yuko wapi tumsalimie?" Nikamwonyesha jikoni. Haki ya Mungu, nilimwonyesha jikoni, naye akaenda kumtafuta huko mama ambaye ni mimi.

Baada ya miezi minne wangerudi kuleta mahari. Nikajiapiza kwamba siku hiyo hakuna atakayeniita nyanya.

Nilianza vizuri, kimwalimu. Nilisoma, nikaandika kwenye ukurasa wa daftari: retinoli kwa makunyanzi, lakini kidogo kidogo na kwa miezi mingi, niasinamide kwa madoa, gliserini ya kushika unyevu, siagi ya shea, maana ngozi yangu imekauka. Chini nikapiga mstari mara mbili: mchana lazima mafuta ya kukinga jua, kwa sababu nafundisha Siakago, na jua la kule halina adabu. Ningeingia na karatasi hiyo katika duka lolote la dawa, ningepata krimu ya kawaida na maisha yangeendelea. Lakini niliipeleka Meru kwa rafiki yangu.

Huyo rafiki tulilala naye kitanda cha juu na cha chini chuoni. Ndiye aliyenisimamia harusi. Yeye Mmeru, mimi Mmbeere, tukazoeana kwa Kiswahili cha bweni, na binti yangu humwita tata, kama anavyowaita shangazi zake wa damu. Ana duka la vipodozi mjini Meru, karibu na soko, na kwa miaka mingi nimekuwa nikipaka anachoniambia nipake. Akaisoma karatasi yangu yote, mstari kwa mstari.

"Msichana wangu," akasema, maana mpaka leo huniita hivyo, "hivi vitu ukitafuta kimoja kimoja utazunguka mpaka uchoke. Niachie. Nitakuchanganyia mwenyewe kwa mikono yangu."

Wiki iliyofuata mkebe ukafika. Juu ya kifuniko alikuwa amebandika karatasi: retinoli, niasinamide, gliserini, siagi ya shea. Maneno yangu, kwa mpangilio wangu. Nilifurahi nisijiulize chochote. Krimu ina maji, na maji yanahitaji kitu cha kuzuia yasiharibike, na kwenye karatasi ile hapakuwa na maji wala hicho kitu. Somo la kidato cha tatu! Ningemwona mwanafunzi ameandika vile ningempa sifuri na maneno juu yake.

Siku kumi tu, uso ukalainika, ukang'aa. Madoa yakapotea. Retinoli haiwezi kufanya hivyo kwa siku kumi, na nilijua, kwani ni mimi niliyeandika "kwa miezi mingi". Nikajitia hamnazo. Nilikuwa napendeza, bwana! Unapendeza halafu uanze kuuliza maswali ya nini?

Kila Jumatano baada ya masomo huwa nakutana na akina mama wa kanisa moja pale Siakago, na ni kawaida yetu kabla ya maombi mtu asimame atoe ushuhuda. Mmoja amepona mguu, mwingine mtoto amepata kazi. Jumatano moja wakanisukuma: "Mwalimu, hebu tuambie siri ya huo uso." Nikasimama. Nikasema Bwana asifiwe, wakaitikia, nikaeleza habari za krimu mbele ya Biblia zao zilizofunguliwa. Nilieleza kila kiungo kinafanya nini, na wakaandika kama wanafunzi.

Kulikuwa na mama mmoja mjane, mkulima wa ndengu, mwanamke wa maneno machache. Akauliza, "Itanifaa hata mimi ninayeshinda shambani juani?"

"Itakufaa," nikasema.

Wanawake saba waliagiza. Mikebe saba ikaja kutoka Meru bila lebo, na rafiki yangu akaniambia kwa simu, "Wewe una mwandiko mzuri wa mwalimu, waandikie." Nikakata karatasi saba, nikaandika kwa kalamu ya wino viungo vyote vinne, nikabandika moja baada ya nyingine. Nilijiona mtu makini sana.

Siku ya mahari, yule mama aliyeniita nyanya aliniita dada. Niseme ukweli, nilisikia raha.

Muhula uliofuata nikaenda kusahihisha mitihani, nikasahau mkebe nyumbani. Siku ya nne uso ukawaka. Ukavimba, ukawa mwekundu, ukawasha kana kwamba nimepakwa pilipili. Mishipa midogo ikajitokeza mashavuni, na kidevuni nikaona manyoya ambayo hayakuwahi kuwa pale. Daktari wa ngozi hapa Embu hakunipima hata damu. Aliuweka uso wangu kwenye taa, akaguna. "Mama, hii krimu ina dawa ya steroidi, tena kali, na kitu cha kung'arisha. Nani alikupa?"

Nilitaka kusema dada yangu.

Nikaenda Meru. Duka lilikuwa na wateja, akanipeleka nyuma, akanimiminia chai kama kawaida. Niliondoa leso usoni. Aliniangalia, na hapo ndipo moyo uliponifa, kwa sababu hakushtuka.

"Uliacha ghafla," akasema. "Hii huwa haiachwi ghafla."

"Ulitia nini?"

"Kidogo tu. Kila mtu anatia, usinifanye mimi shetani. Ile orodha yako ni ya watu wenye subira. Wewe ulikuja hapa ukilia umeitwa nyanya."

"Na wewe unapaka?"

Akazungusha kijiko kwenye chai isiyo na sukari. Sikuhitaji jibu. Pasaka nilikuwa nimelala kwake, na nilimwona akinawa uso na kujipaka kitu kutoka kwenye tyubu ya duka la dawa, yenye maandishi madogo pande zote. Nilimuuliza mbona hapaki ile yetu, akasema amempa mteja ya mwisho. Nikamhurumia! Nikaona rafiki yangu anajinyima kwa ajili ya wateja. Miaka yote hiyo ya kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, nami nasema asante.

Niliiacha chai. Alinifuata mpaka mlangoni akaniomba nisiseme kwa watu, kwamba ana watoto wanaosoma. Watoto hao ni mimi niliyewabeba wakiwa wachanga. Ningempiga kofi. Sikumpiga, nikaondoka, na sijarudi, na binti yangu ameuliza mara tatu kwa nini tata hapigi simu.

Jumatano ikafika. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa mbele ya darasa lolote, lakini nilisimama. Sikusema Bwana asifiwe. Niliwaambia waende kwa daktari, wasiache krimu ghafla kama mimi, na kwamba nimedanganywa na mtu niliyempenda. Nilisema habari zake kwa uchungu mwingi, jinsi alivyoitumia karatasi yangu mwenyewe kunidanganya. Nililia. Wengine wakaanza kunifariji, "Pole mwalimu, watu ni wabaya." Nikaona mzigo unapungua.

Yule mjane alikuwa amekaa nyuma na leso imefunika nusu ya uso. Akainuka, akaja mbele polepole. Alipoishusha leso, mashavu yake yalikuwa yameungua vibaya kuliko yangu, meusi na mekundu, kwa jua la shambani. Akaweka mkebe wake mezani mbele yangu.

"Mwalimu," akasema, bila hasira yoyote, "huyo mwanamke wa Meru mimi simjui." Akaweka kidole juu ya kifuniko. "Huu mwandiko ni wa nani?"

"Ni wangu," nikasema.