Kishk ya Nyumba Yenye Msiba

Wahiba alipofiwa na mumewe, Abdurradhi, alikaa eda kama dini inavyotaka. Eda ya sheria ilipokwisha, ya watu ndiyo kwanza ikaanza. Katika kijiji chao karibu na Sohag, mjane wa ukoo wa heshima hapandi darini mpaka mwaka utimie, na nyumba yenye msiba haitengenezi kishk, yale matonge ya ngano na maziwa yaliyochachuka yanayoanikwa juani. Mama mkwe wake, Hajjat Sittuhum, hakumkataza kwa maneno. Aliufunga mlango wa ngazi kwa kufuli, ufunguo akauvaa shingoni.

Wahiba akawa mtu wa vyumba vya ndani. Tumbo likaanza kumtesa: leo limejaa upepo kama ngoma, kesho linamkimbiza chooni. Mifupa ikamuuma. Akabaki na mkate mkavu na chai, maana kila kingine kilimdhuru. Majirani wakamsifu: huyo ndiye mjane anayejua kumlilia mume. Sifa za namna hiyo zimezika wanawake wengi.

Siku alipoanguka jikoni wakampeleka zahanati, amefunikwa gubigubi. Daktari Marina alimpima damu, akakuta vitamini D imepungua mno. Akamweleza kuwa tumboni mna vijidudu vyema visivyoonekana, vinavyosaidia kumeng'enya chakula na kuulinda utumbo. Vitamini hiyo ni mmoja wa walinzi wa vijidudu hivyo, na mwili huitengeneza ngozi ipatapo jua. Vyakula vilivyochachuka navyo huweza kuvifaa. Akampa matone ya dawa, kisha akamgusa kiganja.

"Mikono hii unamficha nani, dada?"

"Watu."

"Na jua nalo ni mtu?"

Wahiba alicheka, kicheko kikageuka kilio. Ufunguo haukuwa kwa daktari.

Nyumbani alisimulia yote. Hajjat Sittuhum alichukua gauni jeusi la msiba la mkwewe ili alipunguze, maana lilikuwa likimvuka mabegani. Alitunga uzi, akapiga mishono kadhaa, akasimama.

"Nguo hii nimeshaipunguza mara mbili," alisema. "Ya tatu itakuwa sanda. Nenda kachemshe ngano."

Ngano ilipokwisha kukandwa na maziwa na kuchachuka, Hajjat Sittuhum alifungua kufuli, akatangulia ngazini. Darini walitandaza mikeka. Kutoka dari ya nyumba ya pili, jirani yao Ummu Gharib aliwatupia neno.

"Hajjat, mnaanika kishk na maiti hajatimiza mwaka?"

"Maiti ni wangu, Ummu Gharib. Na huyu aliye hai ni wangu pia."

Jirani akarudi kwa kuku wake. Hajjat Sittuhum akakunja mikono ya gauni lake mpaka viwikoni, akaanza kufinyanga matonge, bila kumtazama mkwewe. Wahiba alisita. Kisha naye akakunja.