Bwana Mifugo na Penseli Yake

Ilikuwa mwaka sabini na tatu; hapana, Athanas hujisahihisha, sabini na nne, mbuzi wote wa mlimani walipoingizwa zizi moja la kijiji. Bwana mifugo alichuchumaa malishoni akiwachora mmoja mmoja daftarini, jina la mwenye mbuzi chini ya kila mchoro, akilamba ncha ya penseli. Mbuzi akigeuka, naye alimfuata kwa magoti. "Tulia, mama," alimbembeleza jike wa Athanas, mbuzi wake pekee, "nimebakiza ndevu." Watu wakacheka. Zizi lilipovunjwa, kila mtu achukue wake, jirani akamkamata jike yule. "Wangu huyu! Kwani ameandikwa jina?" Bwana mifugo alifunua daftari, akaweka kidole kwenye mchoro wa jike yule, penye sikio lililochanika, kisha kwenye jina la Athanas. Athanas akarudi na mbuzi wake, machozi yakimlengalenga. Hadi leo humwombea bwana mifugo, na huuliza: aliyewachora mbuzi wetu wote, yeye nani alimchora?