Siku Ndugu Yangu Alipovishwa na Kanisa Zima

Juzi nilikuwa soko la Matiliku, nikiangalia nguo za watoto zilizomwagwa juu ya turubai. Mwenzangu kazini amejifungua, nami nilitaka kumpelekea kitu. Muuzaji, mama mchangamfu asiyekubali mteja apite hivi hivi, akaninyooshea sweta ndogo ya manjano. "Chukua hii, madam. Mtoto asishikwe na baridi." Ilikuwa saa saba mchana. Jasho lilinitiririka mgongoni, na yeye mwenyewe alikuwa amejikinga jua kwa kipande cha kadibodi. Nikaishika ile sweta, nikanusa harufu ya sufi iliyokaa sana kwenye karatasi ya nailoni, na badala ya kuuliza bei nikaanza kucheka peke yangu. Mwishowe nilichukua vesti za pamba, nyepesi. Njia nzima ya kurudi nyumbani mawazoni nilikuwa Kyuso, katika mwaka ambao ndugu yangu alizaliwa. Ngoja nikusimulie, maana watoto wangu nikiwaambia wanasema natia chumvi.

Kyuso ndiko nilikokulia, kaskazini kabisa mwa Kitui, kwa sababu baba alipelekwa kufundisha huko. Ukitaka kulijua joto, nenda Kyuso mwezi wa kumi kabla mvua haijaanguka. Mabati yalikuwa yakilia ta, ta, ta yakitanuka juani. Mbuzi walibanana kwenye kivuli cha choo. Kazi yangu asubuhi ilikuwa kunyunyizia uwanja maji kidogo kabla ya kuufagia, na kabla sijafika mlangoni ule unyevu ulikuwa umeshakauka, ikabaki harufu yake tu. Mchana tulikula muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, pamoja na ndengu, kisha kila mtu akatafuta ukuta wenye kivuli na kuegemea kimya.

Ndugu yangu alizaliwa katika joto hilo, na nyanya, mama yake baba, akaja kumsaidia mama. Yeye alikuwa mtu wa milimani, huko juu ya Matiliku, ambako mwezi wa saba ukungu hukaa mpaka saa nne na ukiongea unaona pumzi yako. Alishuka na kiondo cha nduma, yale magimbi, na mfuko mkubwa wa nguo za sufi alizofuma mwenyewe. Watoto wote wa mlima alikuwa amewalea kwa kanuni moja: shika mkono wa mtoto, ukiwa baridi, ongeza nguo. Akaja na kanuni yake Kyuso kama alivyokuja na kiondo chake, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Tusimcheke, lakini. Kati yangu na mtoto huyu kulikuwa na mwingine. Alizaliwa kule kwa nyanya katika msimu wa ukungu, kifua kikambana, na hakufika miezi miwili. Mimi nilikuwa mdogo, nakumbuka tu nyimbo na watu wengi wenye makoti. Tangu siku hiyo jina lake halikutajwa nyumbani kwetu. Nyanya aliamini baridi ilimchukua yule mtoto akiwa mikononi mwake, na sasa alipopewa mwingine alikuwa ameapa kwamba baridi haitapata mlango. Akaziba dirisha kwa gunia. Akamvisha marvin, ile kofia ya sufi ya kuvuta mpaka masikioni, usiku na mchana. Shingo ya mtoto ikatoka vipele vidogo vidogo, na nyanya akasema ni ngozi ya kuzaliwa inabadilika. Mama aliangalia tu. Hakuwa mtu wa kumjibu mama mkwe, tena mama mkwe aliyekuwa akimpikia supu ya kuku kila jioni.

Basi Jumamosi moja wakaja akina mama wa kanisa. Nasikia hata leo zile sauti zikikaribia kutoka barabarani, wakiimba huku wamebeba unga, sukari na vifurushi. Na hapa lazima nikueleze desturi yao, maana sijaiona kwingine. Zawadi ya mtoto haikuwekwa mezani. Kila mama alimvisha mtoto ile aliyoleta kwa mikono yake mwenyewe, akimwombea baraka, halafu akampisha anayefuata. Nguo isiyovaliwa ilikuwa kama salamu isiyoitikiwa. Wengi walikuwa wamefuma sufi, maana sufi ilionyesha umejitahidi.

Nilikuwa nimekaa sakafuni, na kwangu ilikuwa sinema. Juu ya nguo za nyanya ikaja sweta ya kijani. Juu ya sweta, nyingine yenye vifungo. Soksi juu ya soksi. Mwenyekiti wao, mama mnene mwenye kicheko cha kutikisa viti, akaleta marvin ya pili na kuivuta juu ya ile ya kwanza. Ikaja shali. Likaja blanketi. Ndugu yangu akawa mviringo kama kabichi, umebaki uso tu. Alilia sana mwanzoni, kisha akanyamaza, na wote wakafurahi. "Mnaona? Amesikia maombi," mwenyekiti akasema.

Mama peke yake hakufurahi. Alimchukua, akampa ziwa, mtoto hakulishika. Akambonyeza shavu kidogo. Hakulishika. Uso wa mtoto ulikuwa umeiva kwa joto, na alihema haraka haraka kama kifaranga. "Mama," akamwambia nyanya kwa sauti ya chini, "huyu mtoto hanyonyi."

Nyanya akampokea mtoto, akaingiza mkono ndani ya blanketi, akakishika kiganja chake. Nikaona uso wake ukibadilika. "Asi! Mkono ni baridi kama maji. Ni ile baridi tena. Leta shali ingine!"

Wakati huo jirani yetu alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai. Huyu alikuwa mke wa mwenye duka, watu waliokuja kutoka kaskazini mashariki na biashara ya mifugo. Hakuwa wa kanisa letu wala dini yetu, lakini sherehe yetu haikumpita, na chai yake ya iliki ilikuwa ikipiganiwa. Akaweka chupa chini, akapita katikati ya wageni, na kupitisha vidole viwili nyuma ya shingo ya mtoto.

"Huyu anachomeka," akasema. "Mtoe nguo."

"Mikono yake ni baridi!" nyanya akamjibu. "Unataka nimuue?"

"Mama, mikono ya mtoto mdogo ni baridi tu, siku zote. Usiulize mkono. Uliza shingo, uliza kifua. Mimi nimelelea wangu hapa hapa kwa hii jua."

"Mimi nilizika mmoja!"

Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia neno hilo nyumbani. Nyanya alikuwa amelishika blanketi kwa mikono yote miwili, na jirani hakuthubutu kumnyang'anya mtoto. Nilimtazama mama. Nilijua ndugu yangu anaweza kufa hapo mbele ya nguo zake zote mpya, na nilijua pia kwamba mama hajawahi kumpinga nyanya hata juu ya chumvi ya mboga.

Mama akasema, "Mama, na mimi nilizika. Niachilie huyu."

Akampokea. Akapiga magoti pale pale sakafuni, mbele ya wale walioleta nguo, akaanza kumvua. Blanketi. Shali. Marvin ya mwenyekiti, kisha ile ya nyanya. Sweta moja baada ya nyingine, mpaka akabaki na vesti na nepi, nywele zimelowa kabisa. Akatoka naye chini ya upenu, ambako kaupepo kalikuwa kanapita. Jirani akalowesha kitambaa kwa maji ya mtungi, si ya baridi sana, akampangusa shingo na kwapa. Mwenyekiti, niliyedhani atakasirika, akatoka nje akipepea mtoto kwa kitabu cha nyimbo. Kisha akavua sweta yake ya sare na kuitupa kwenye kiti. "Ata mimi hii kitu inaniua tangu asubuhi," akasema, "ni vile tu mimi niko na mdomo ya kulalamika, yeye hana."

Hakuna aliyecheka. Tulingoja. Mama alimweka tena kifuani, na mtoto akalamba, akaacha, akalamba. Kisha akalishika. Nilisikia ile sauti ya kumeza, gulp, gulp, na sijui kama nimewahi kusikia sauti tamu kuliko hiyo. Aliponyonya vya kutosha akalia kwa hasira, kilio kikubwa cha mtu aliyeonewa, na hapo ndipo wanawake wote wakacheka na kulia pamoja.

Walimpeleka zahanati vilevile. Muuguzi alimpima, akasema joto limeshuka na mtoto ni mzima, lakini wangechelewa angewaambia mengine. "Mvishe kama unavyovaa wewe, halafu ongeza kanguo kamoja tu," akamwambia mama. "Hapa kwa joto, ata hiyo kamoja uangalie. Na akilala ndani, kofia ya nini?" Nyanya alisikiliza akiangalia chini. Walipofika nyumbani alilitoa gunia dirishani.

Nilidhani amevunjika moyo. Lakini mwezi wa saba uliofuata tulipanda kwake mlimani, na ukungu ulitupokea njiani. Mama alikuwa amembebea mtoto vesti nyepesi tu. Kyuso ilikuwa imemharibu, alisahau kabisa kwamba kuna baridi duniani. Kufika, vinyweleo vya mtoto vilikuwa vimesimama mpaka tumboni. Mama akasimama sebuleni na mwanawe, akamnyoosha kwa nyanya. "Mama, huku ni kwako. Mvishe wewe."

Nyanya akamvisha taratibu, pamba ndani, sufi nyepesi juu, kisha sweta, akigusa kifua kila baada ya nguo, akimuuliza mama, "Inatosha? Tumtoe hii?" Walifanya hivyo asubuhi na jioni, wawili, vichwa vyao vikigusana. Siku moja, katikati ya kufunga vifungo, nyanya akalitaja jina la yule aliyekufa. Akasema alikuwa na miguu mirefu kuliko huyu. Mama akasema ndiyo, na alikuwa na kiherehere zaidi. Wakaendelea kumzungumzia mpaka chai ikapoa.

Mengi ya siku hizo hayapo. Wale akina mama wamezeeka, na siku hizi pongezi za mtoto hutumwa kwa simu. Jirani na mumewe walihamisha duka, sijui waliko. Hata ukungu wa mlimani, wanasema, hauji tena kama zamani. Na nyanya naye tumemzika, akiwa na umri mkubwa. Lakini ndugu yangu aliishi, na ile hofu aliyokuja nayo Kyuso ilimtoka nyanya miaka mingi kabla hajaondoka mwenyewe. Nikilikumbuka hilo, roho yangu inatulia.