Shakwe wa Bwawa la Chai

Mitumba ilipoanza kumiminika Tukuyu, wenzangu walinunua makoti, mimi nikanunua darubini. Tangu hapo nikajifanya bingwa wa ndege, mimi mwalimu wa baiolojia ambaye bahari nimeiona kwenye kalenda tu.

Jumatatu iliyopita, kwenye ukungu wa asubuhi, nikamwona katikati ya bwawa la shamba la chai: mweupe, kichwa cheusi tii. Shakwe! Ndege wa pwani, huku kwetu milimani! Nikakimbilia posta kumpigia simu mtaalamu wa ndege aliyeko Mbeya. Nyumbani mke wangu alikuwa akimhangaikia bata wetu aliyepotea. Nikamwambia mtu wa sayansi hana muda wa bata.

Jumatano mtaalamu akaja, mzee mpole, akateleza matopeni na viatu vyake vya ngozi huku nikimhutubia. Ndege alikuwepo.

"Tukae kimya," nikasema kwa sauti yangu ya darasani. "Huyu ni mwoga sana."

Ndege akageuka. Akaja akiogelea moja kwa moja hadi ukingoni, akapanda akitikisa makalio.

Jirani yetu Mama Sekela, aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe, akainuka. "Ndaga, asante Mwalimu, umempata! Mkeo alimpaka rangi kichwani Jumapili ili asichanganyike na bata wangu, akamponyoka."

Mtaalamu akanitazama, kisha akatazama chini. Shakwe wangu alikuwa anavuta kamba ya kiatu changu, kama alivyozoea kila nikichelewa kumtupia pumba.