Plastiki ya Mwalimu Harieth

Kwa miezi saba, Mwalimu Harieth wa kemia pale Bariadi alikokotoa kwenye kompyuta muundo wa plastiki ambayo haikuwapo bado: juani ipitishe umeme, gizani igome. Maabara moja ilikubali kuitengeneza mara moja tu, akikosea, basi.

Kipande kilipofika, jirani yake Zena, mwenye duka, alicheka. "Plastiki na umeme wapi na wapi, mwalimu? Si ndiyo mafundi wanavalisha koleo wasirushwe na umeme?"

Harieth akakiunganisha na betri na mita ya kupimia umeme, akakianika uani. Mshale wa mita ukapanda mpaka kwenye namba aliyoitabiri. Zena akakifunika kwa kiganja, ukaanguka. Akafunua, ukapanda.

"Jamani, njooni!" Zena akaita wateja. "Mwalimu wangu alikijua hiki kabla hakijazaliwa!"

Harieth hapendi makelele, lakini siku hiyo hakumnyamazisha.