Arubaini ya Paka

Bibi yangu, aliyenilea kwetu Mtambile, alikuwa hashauriki. Akishajiwekea jambo kichwani, basi, hata ungelia machozi ya damu. Na mwaka ule alijiwekea kwamba watoto wa paka wake wataishi. Wa uzao wa kwanza walikufa wote, akawalia kama watu, nami nikalia naye.

Kwa hiyo paka alipozaa tena, watoto watatu, ndani ya pakacha karibu na kitanda chetu, bibi aliona kajua kosa lilikuwa wapi: safari ile ya kwanza hakumtunza mzazi. Kwetu mwanamke akijifungua hukandwa kwa maji ya moto, hunyweshwa uji wa pilipili manga, hufukizwa, na hatoki nje mpaka arubaini yake itimie. Basi paka naye akawekwa arubaini.

Uji aliunusa, akapiga chafya, akaenda zake. Kukandwa alikubali mara moja tu, na bibi alitoka hapo na mikwaruzo mpaka kiwikoni. Lakini chetezo cha ubani hakikuzimika chumbani, na majirani wakawa wanaingia na kutoka kumpa hongera, kila mmoja akiwainua watoto awatazame. Paka akawa hali, hatulii, masikio kayalaza nyuma, mkia unapiga sakafu. Nikamwambia bibi paka kakasirika.

"Weye wajua nini? Uchungu wa uzazi huo," akasema, akaongeza ubani.

Asubuhi moja tukakuta pakacha tupu. Bibi alikaa chini palepale. "Lile paka dume la mwenye duka limewala," akasema. Sikuwa nimepata kumwona mnyonge vile. Siku nzima hakupika wala hakugombana na mtu, na hilo la pili ndilo lililonitia hofu.

Alasiri nikamwona paka anakatiza uani kuelekea banda la mbuzi, anageuka nyuma kila hatua. Manyoya ya tumboni yalikuwa yamelowa kuzunguka chuchu. Nikajua kuna anayenyonya. Nilimvuta bibi mkono, tukachungulia kwa mbali. Nyuma ya mbuzi, juu ya makuti makavu, gizani na penye harufu isiyosemeka, watoto wote watatu walikuwa wananyonya, na mama yao anakoroma kwa raha.

Bibi akaziba mdomo kwa kanga, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Kumbe kanihama mie!"

Tangu siku ile aliweka maji na kichwa cha samaki mlangoni mwa banda, akaondoka bila kuchungulia. Majirani aliwafukuza kwa ufagio. Watoto wakakua wote, wakawa wezi wakubwa wa samaki wetu, na bibi hakuwahi kuwapiga.

Miaka ikapita, nikaolewa, nikajifungua mwanangu wa kwanza. Chumba kilijaa wanawake, moshi na nasaha. Mtoto alikuwa anapitishwa mkono hadi mkono, analia. Mimi nilitaka kulala tu, lakini haya ilinizuia kusema.

Bibi, keshazeeka, akaingia na mkongojo wake, akanitazama usoni. Akakitoa chetezo nje. Akamchukua mwanangu, akamlaza kifuani pangu. Kisha akawageukia wageni.

"Haya, tokeni nyote," akasema, "kabla hajanihamia kwa mbuzi."